Sekunde Tano za Mwalimu Khaemba

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Naftaly Khaemba, mwalimu wa Rongai. Alifundisha hisabati kwa miaka ishirini na saba. Alituacha Agosti hii, mwaka huu wa 2008, baada ya kuugua moyo kwa majuma matatu.

Mwalimu Khaemba hakujua kutulia. Alifundisha akitembea. Alikunywa chai amesimama. Mkewe, Mama Wamaitha, anatuambia: "Kanisani nilikuwa namshika koti. La sivyo angetoka mahubiri yakiwa katikati."

Mwezi wa Mei mwaka jana, 2007, alijiandikisha kwa mafunzo ya walimu kupitia mtandao. Shuleni kwake hapakuwa na kompyuta hata moja. Kila Jumamosi alikuja Nakuru mjini, akaingia saiba ya Bi Sarla, duka la kompyuta za mtandao. Mtandao ulijikokota. Ukurasa ulifunguka nusu, ukakwama. Khaemba aliinuka, akaenda mlangoni, akarudi, akabonyeza tena.

"Mwalimu, keti," Bi Sarla alimwambia. "Ukibonyeza mara kumi, hiyo kitu inaanza upya mara kumi."

Siku moja mkufunzi wake wa mtandaoni alimpa kazi. Awaulize wanafunzi: mwalimu wenu hufanya nini kinachowatatiza? Khaemba aliona huo ni upuuzi. Lakini aliuliza, mbele ya darasa la saba. Msichana mmoja, Jerop, akasimama.

"Mwalimu, wewe huuliza swali halafu unajijibu."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Kesho yake alijipima kwa saa ya mkononi. Kati ya swali lake na jibu lake mwenyewe, ilipita sekunde moja. Sekunde moja tu, wasikilizaji. Mkufunzi akamwandikia: jaribu kungoja tano.

Mama Wamaitha anakumbuka jioni ile. "Alizunguka meza, akaniambia, 'Mama watoto, sekunde tano ni ndefu. Mwili wote unaniwasha.'"

Alijikaza hivyo hivyo. Kufikia Novemba, watoto ambao hawakuwahi kuinua mkono waliinua. Ikabaki kazi moja ya mwisho: afundishe somo moja, aandike ripoti, aitume kabla ya Januari kwisha.

Januari ile ya ghasia za baada ya uchaguzi sote tunaijua. Shule haikufunguliwa. Rongai watu walianza kuulizana nani ametoka wapi. Khaemba alimpeleka mkewe kwa dada yake, mtaa wa Free Area hapa Nakuru, kisha akaenda saiba. Bi Sarla alikuwa amefunga, lakini alimfungulia. Khaemba akamwandikia mkufunzi: "Sina darasa. Wanafunzi wangu wametawanyika." Jibu likaja kwamba anaweza kumaliza mwaka ujao.

"Mwaka ujao?" alimwuliza Bi Sarla. "Na huu nikae nyumbani nifanye nini?"

Akaenda kuwatafuta. Katika kambi ya waliohama makwao, hapa Nakuru, alipita hema kwa hema akiita majina. Akawapata kumi na mmoja, wote wa darasa lake, ambao sasa walipaswa kuwa darasa la nane. Akawaketisha nyasini. Hakuwa na chaki. Aliwauliza swali moja: "Mnataka tuanzie wapi?"

Kisha msichana anayeitwa Natalie akasema, "Mwalimu, mimi sirudi Rongai."

Khaemba wa zamani angejibu papo hapo: utarudi, mambo yatatulia. Maneno yalikuwa yamefika mdomoni. Aliyameza. Akaketi nyasini pamoja nao, akangoja. Sekunde tano zikapita, na nyingine nyingi.

"Lakini nataka kufanya mtihani," Natalie akasema.

Basi hiyo ndiyo ikawa kazi yake. Februari yote na Machi yote alitembea shule hadi shule akiomba nafasi. Watoto walikuwa kumi na mmoja. Tisa wakaingia darasani, Natalie akiwa wa kwanza. Ripoti yake kwa mkufunzi ilikuwa fupi: "Sikufundisha hisabati. Niliuliza swali moja, nao wakaniambia la kufanya." Akafaulu.

Wawili waliondoka kambini na wazazi wao kabla hajawapatia shule. Aliwatafuta mpaka Gilgil. Hata alipolazwa, anasema Mama Wamaitha, alikuwa akiuliza kama kuna aliyepiga simu.

Kwako Mama Wamaitha, kwa watoto na kwa walimu wenzake wa Rongai, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nasi tunaosikiliza, tujiulize: nyumbani na kazini, ni nani tumemwuliza jambo, kisha tukamjibia?

Wale wawili ni Muiruri Gathogo na Tabitha Nyakio. Kama uko nao, au unajua waliko, piga simu hapa studioni. Mama Wamaitha ameshaongea na mwalimu mkuu wa shule moja. Nafasi zao zipo.