Mina Yuill, Diwani wa Chini Kabisa ya Karatasi ya Kura

Ndugu, jamaa na majirani mliofika katika kanisa hili la Kinlarvie leo, Ijumaa tarehe 27 Januari 2023, tunayemzika ni Wilhelmina Yuill. Jina hilo refu hakuna aliyelitumia ila daktari na polisi. Kwenu ninyi alikuwa Mina. Kabla hajafariki alimwagiza binti yake Ishbel kwamba habari za maisha yake zisomwe na mtu wa familia, wala asisimame mtu yeyote wa chama kumsifu. "Wakija, waacheni waingie," alisema. "Wapeni chai na sandwichi. Kipaza sauti msiwape." Ndiyo maana mnamsikia Ishbel, akisoma yaliyoandikwa na familia nzima.

Mina alizaliwa tarehe 14 Februari 1946 katika Mtaa wa Chumvi, hapa hapa Kinlarvie. Alikuwa mtoto wa pili wa Tam Baird, fundi wa mapipa ya samaki aina ya heringi, na Effie, aliyepasua samaki gatini tangu usichana wake. Kumbukumbu ya kwanza ya Mina ilikuwa vidole vya mama yake vilivyoviringishwa vitambaa ili kisu na chumvi visimle nyama. Hawakuwa na kitu, lakini kila aliyebisha hodi alikuta supu.

Alianza Shule ya Msingi ya Kinlarvie mwaka 1951 akaacha masomo ya sekondari mwaka 1961, kama walivyoacha wasichana wengi wa gatini. Siku moja darasani mwalimu alimchapa Jeanie Mathers kwa mkanda wa ngozi, kisa wino uliomwagwa na mtu mwingine. Mina akasimama.

"Mwalimu, umemchapa asiyehusika."

"Keti chini, Baird."

"Nitaketi ukishamwomba radhi."

Naye akachapwa, mikono yote miwili. Jioni baba yake alimuuliza kama ameumia. "Nimeumia," akajibu, "lakini hajaomba radhi bado." Kesho yake akasimama tena. Jeanie, ambaye tunaye leo pale viti vya mbele, anasema mwalimu aliomba radhi hatimaye, kwa sauti ya mtu anayekohoa.

Baada ya shule alifanya kazi kiwanda cha samaki, na kuanzia mwaka 1968 akawa mhudumu wa wazee majumbani. Aliwaogesha, akawawashia moto, akawapikia nyama ya kusaga na viazi, akawasikiliza. Kazi hiyo ndiyo iliyomfundisha kwamba mzee haogopi kufa kama anavyoogopa kuhamishwa.

Tarehe 6 Juni 1970 alifunga ndoa na Dougal Yuill, fundi wa mapaa kutoka Strathgair, mtu wa maneno machache. Dougal alikuja kuziba paa la akina Baird, akalirudia mara nyingi kuliko lilivyohitaji. Effie alimwambia bintiye, "Ama huyu kijana ni fundi mbovu, ama wewe ndiye paa." Mungu aliwajalia watoto wawili, Ishbel na Lorne. Dougal aliaga ghafla kwa ugonjwa wa moyo tarehe 11 Novemba 1999, na tangu siku hiyo Mina hakuvua pete wala hakupunguza hata siku moja kumtaja.

Aliingia siasa tarehe 5 Mei 1988, alipochaguliwa diwani wa Kinlarvie. Alikitumikia chama chake miaka kumi na tisa. Familia haitakitaja chama hicho kwa jina. Wenyewe wapo humu, wanajijua. Alibandika mabango yao kwenye mvua, akagonga milango hadi ngozi ya vidole ikachubuka, akabeba matusi yaliyowastahili wakubwa zake. Wahenga walisema fadhila ya punda ni mateke, na mateke yakaja mwaka 2007.

Mwaka ule ndio upigaji kura wa madiwani ulipobadilika Uskoti nzima. Kinlarvie iliunganishwa na Strathgair ikawa kata moja kubwa yenye madiwani watatu. Mpiga kura hakuweka tena alama ya mkasi. Aliandika 1 kwa anayempenda kwanza, 2 kwa anayefuata, kisha 3. Mgombea aliyepata kura kupita kiwango cha kushinda, ziada yake ilikwenda kwa walioandikwa wa pili. Aliyekuwa mkiani aliondolewa, na kura zake zikahamia kwa mwingine. Mina aliupenda utaratibu huo. "Kura ya mtu haitupwi kama matumbo ya samaki," alisema. Sisi tunalitaja hili makusudi, kwa maana wako wanaosema Mina aliushtaki utaratibu kwa sababu ulimwangusha. Si kweli. Hesabu hakuilaumu hata mara moja. Aliwalaumu watu.

Chama kilisimamisha wagombea wawili. Mmoja Mina. Mwingine Struan Abernethy, kijana wa ofisi ya chama aliyekuwa amenunua nyumba Kinlarvie hata mapazia hajatundika. Karatasi ya kura hupangwa kwa alfabeti: Abernethy juu kabisa, Yuill chini kabisa. Kila mwanasiasa anajua kwamba mwenye haraka huanzia juu. Kwa hiyo wakakubaliana, mbele ya mashahidi, kwamba watu wa gatini, hapa Kinlarvie, wataombwa waanze na Mina, na Strathgair waanze na Abernethy. Wakapeana mikono.

Siku chache kabla ya kura Mina alipita kumjulia hali Bessie Coull, jirani yake mzee. Alimkuta mezani, miwani puani, kipeperushi kipya cha chama mkononi.

"Mina mwanangu," Bessie akasema, "mwaka huu nakuandika wa pili, eti?"

"Nani kakwambia?"

"Si ninyi wenyewe! Mmeandika hapa: moja Abernethy, mbili Yuill. Nikasema basi, Mina amechoka, anampisha kijana."

Vipeperushi hivyo vilikuwa vimesambazwa gatini kote. Mina alikwenda ofisi ya chama na koti lake limelowa, akamkuta Abernethy amesimama mlangoni.

"Tulipeana mkono, Struan."

"Mama Yuill, usilichukulie kibinafsi. Ni mkakati tu."

"Mkakati? Kwetu unaitwa uongo. Na mimi si mama yako. Mwanangu angeona haya."

Kura zilipigwa Alhamisi tarehe 3 Mei 2007 na kuhesabiwa kesho yake katika ukumbi wa michezo. Abernethy alipita mapema. Mina alianza nyuma, akapanda kila awamu, akapanda tena, kisha akaondolewa kwa tofauti ya kura kumi na moja. Yule aliyemzidi kwa hizo kumi na moja hakushinda. Angetangulia kuondolewa yeye, kura za watu wake zingehamia kwa Mina na kumpeleka barazani. Watu walimwambia palepale: ulikuwa wa pili moyoni mwa kila mtu, Mina. Lakini wa pili hafaidi kitu akiondolewa kabla ya wale wa kwanza kuondolewa. Mina alivaa koti, akampa Abernethy mkono kama desturi inavyotaka, akaenda nyumbani akaosha sufuria zote, safi na chafu.

Matokeo ya halmashauri nzima hayakukipa chama chochote wingi. Na hapo ndipo tulipoona maajabu. Vyama vilivyotukanana majuma sita, vilivyoambiana wezi na wazushi kwenye kila kituo cha basi, vilijifungia ndani pamoja mwisho wa wiki, na Jumatatu vikatoka vimeshikana viuno kama maharusi. Nani aliwapa kura kwa ajili ya hilo? Hakuna. Jambo moja walilokubaliana lilikuwa kuifunga Nyumba ya Wazee ya Skerrie, iliyo juu ya bandari yetu, na kuwapeleka wazee Dalbrock, bara, mabasi mawili kutoka hapa. Abernethy, diwani wa Kinlarvie, alilisema jambo hilo redioni akiliita "kuboresha huduma." Mina alikuwa anakunja nguo. Alizima redio kwa nguvu hata kitufe kikamkatikia mkononi.

Miaka minne alipigana akiwa nje. Aliandamana, alizungumza makanisani na vilabuni, aliwasimamisha madiwani kwenye foleni ya duka la nyama mpaka wakaanza kununua nyama mji mwingine. Kufunga kukaahirishwa, kukaahirishwa tena. Mwishoni mwa 2011 mwenyekiti wa chama alikuja nyumbani kwake na keki ya matunda.

"Tunataka urudi, Mina. Tutakupa nafasi nzuri mwakani."

"Nzuri vipi?"

"Tumefikiria jina. Wewe ni Baird kwa kuzaliwa. Ukigombea kwa jina la Baird utakaa juu kwenye karatasi. B, Mina! Ushindi wa bure."

Ishbel alikuwa jikoni, alisikia yote. Mama yake aliliacha birika likachemka na kujizima.

"Jina hili nilipewa na Dougal," akasema. "Alilileta nyumbani kwetu akiwa na lami mikononi. Nimezaa nalo, nimemzika mwenye nalo. Halafu wewe unakuja na keki unaniambia nilivue kama koti?"

"Ni karatasi tu, Mina."

"Basi chukua keki yako, ni unga tu."

Alitoka chamani wiki hiyo hiyo na kugombea peke yake, bila chama, kwa jina la Yuill, chini kabisa ya karatasi. Mlango kwa mlango alisema maneno yale yale: "Kama una wako wa kwanza, mwandike. Mimi nipe ya pili. Si vibaya kuwa wa pili." Waliokuwa wakimfungia mlango kwa ajili ya chama chake, sasa wakaufungua.

Tarehe 4 Mei 2012, ukumbi ule ule. Abernethy alipita tena, na mgombea wa upinzani akapita. Kiti cha tatu kikabaki. Msimamizi alisoma awamu baada ya awamu, na kila aliyeondolewa kura zake nyingi zilikwenda kwa Mina: za wahafidhina, za wapenda mazingira, za mzee mmoja aliyegombea kwa ajili ya mashimo ya barabarani. Mwisho akaondolewa Hector Pringle, mkulima wa Strathgair, aliyetupiana maneno na Mina barazani kwa miaka mingi. Kura za Pringle zilipohesabiwa, Mina akavuka. Ukumbi ulipiga makelele. Hector alikuja akimsukuma kwa bega.

"Watu wangu wamekuja kwako, bibi we. Uwape chai."

"Nitawapa, Hector. Sukari waje nayo. Nawajua watu wa Strathgair."

Mzee yule alicheka hadi akatoa leso. Mina hakucheka, alikuwa analia, akimtafuta Bessie Coull kwa macho ili amwonyeshe. Alikuwa amesahau kwamba Bessie anaishi Skerrie wakati huo, katika chumba chenye dirisha la kona linalotazama mawe ya bandari. Mina alikwenda moja kwa moja kumwambia.

"Mara hii nilikuandika wa kwanza," Bessie akasema. "Na nimewaambia wote humu."

Katika baraza jipya pande mbili zilikaribia kulingana, na kura ya Mina ndiyo iliyoiokoa Skerrie. Bessie alifia pale mwaka 2015, katika kitanda chake, bahari ikisikika. Mina alistaafu Mei 2017 akiwa na miaka sabini na moja, magoti yamechoka. Alistaafu akiwa amepewa ahadi barazani, kwa mdomo na kwa makofi, kwamba Skerrie haitaguswa.

Iliguswa mwaka 2019, baraza lilipoifunga. Walijadili bei ya maegesho ya magari muda mrefu kuliko walivyoijadili Skerrie. Leo jengo ni hoteli ndogo, na chumba cha dirisha la kona hupangishwa kwa wageni.

Tarehe 9 Oktoba 2021 Mina alipatwa na kiharusi akiwa bustanini. Hospitali ilimhudumia vizuri na familia inawashukuru wauguzi. Lakini hakuweza tena kuishi peke yake, na mji wake haukuwa tena na mahali pa kumweka. Akapelekwa Dalbrock. Mwanamke aliyezuia wazee wa watu wengine wasihamishwe, alihamishwa yeye. Wahudumu wa Dalbrock walikuwa watu wema, wachache mno, wanaokimbia mchana kutwa. Marafiki zake wa rika lake hawakuweza mabasi mawili. Dirisha lake lilitazama ukuta wa ghala.

Ishbel alimuuliza siku moja, "Mama, bado una hasira?"

Ulimi ulikuwa mzito, lakini maneno yalitoka. "Ninayo. Usiniondolee. Ndiyo inayonitafunia chakula."

Alidhoofika baada ya Krismasi, akapata homa ya mapafu, na Jumanne tarehe 17 Januari 2023, alfajiri, akafariki watoto wake wote wawili wakiwa kando ya kitanda chake. Lorne, aliyetoka Kanada, alifika saa chache tu kabla.

Siku iliyofuata halmashauri ilitoa taarifa ikimwita "sauti ya wazee wetu." Ninyi wa halmashauri, sauti hiyo mliisikia miaka thelathini na mitano. Mngeitii ingetosha; kuisifu hakukuwa na haja.

Marehemu ameacha watoto wawili, Ishbel na Lorne. Mkwe mmoja, Catriona. Wajukuu watatu, Fergus, Elspeth na Innes. Mdogo wake, Rab Baird. Wifi yake, Netta Yuill. Na rafiki yake wa tangu darasani, Jeanie Mathers. Ameacha pia wazee wa Kinlarvie wanaoishi Dalbrock hivi leo. Walitaka kuja kumzika. Familia iliiomba halmashauri gari la kuwaleta. Hadi tunaingia kanisani, hakuna aliyejibu. Viti tulivyowawekea ni vile pale kushoto, na tunaomba asivikalie mtu.

Mungu ampokee Mina na kumpa pumziko lake. Sisi wengine, mkutano wa halmashauri ni Alhamisi ijayo, na milango iko wazi kwa umma.