Mama wa Bwawani na Figo Iliyobaki

Ndugu, majirani na wote mliofika kumsindikiza, kwa niaba ya familia nitawasomea maisha ya marehemu mama yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Filimbi, na mimi ninayesoma ndiye mtoto wake wa pekee.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1957 katika hospitali ya mji huu, akiwa wa tatu kati ya watoto wanne wa fundi bomba na mkewe mshonaji, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya posta, kisha sekondari hadi mwaka 1974, halafu akajiunga na chuo cha ualimu wa michezo, alikohitimu mwaka 1977, na mjomba anasema alirudi nyumbani na mabega mapana kiasi kwamba bibi alilazimika kufumua magauni yake yote.

Januari 1978 aliajiriwa kufundisha kuogelea katika bwawa la manispaa, na hapa leo wamo wenye mvi waliowahi kulia mikononi mwake wakimsihi asiwaachie, naye akiwajibu, "Nimeshakuachia zamani, ni wewe mwenyewe unaelea."

Agosti 1980 alifunga ndoa na baba yangu, fundi umeme, nikazaliwa tarehe 2 Februari 1982, na miaka miwili baadaye baba akapata kazi nchi nyingine, simu zikawa za kila wiki, zikawa za mara mojamoja, zikakoma, na ndoa ikaisha bila mtu kupandisha sauti.

Jumapili moja ya Novemba 1985, akifua bafuni, alishikwa na maumivu makali ubavuni akaanguka, nami kwa umri wangu nikadhani amelala, nikamfunika taulo na kukaa kando yake, na angefia pale kama maji ya bomba lililobaki wazi yasingepenya hadi kwenye dari ya jirani wa chini, fundi redio, aliyepanda ngazi akifoka, akasukuma mlango, akambeba hadi hospitali.

Madaktari walikuta uvimbe mkubwa umepasuka kwenye figo ya kulia, damu imejaa, wakaiondoa figo nzima wakihofia saratani, lakini majibu ya maabara yakaonyesha ni uvimbe adimu usio saratani, wa mafuta, misuli na mishipa ya damu, na waliokuja kumwona wakashangilia, ila daktari wa upasuaji alivuta kiti akamweleza kwamba uvimbe wa aina hiyohiyo upo pia kwenye figo ya kushoto, bado mdogo, lakini ukikua unaweza kupasuka kama mwenzake, na kuugusa wakati ule kungeweza kumpotezea figo pekee aliyobaki nayo.

"Na ukipasuka nikiwa peke yangu na mtoto?" mama aliuliza, na swali hilo halikuwa la figo.

Akampigia simu mjomba wangu, kaka yake, aliyekuwa akiishi mji mwingine na mkewe, akamwambia, "Njoo umchukue mtoto, sitaki anifunike taulo mara ya pili."

Kwa miaka mingi tangu hapo aliishi peke yake, akifundisha akiwa mkavu ukingoni mwa bwawa, na fimbo ndefu na filimbi, kwa kuwa alikatazwa kugongwa ubavuni, na kila asubuhi fundi redio aligonga dari kwa mpini wa ufagio, naye akapiga kisigino sakafuni kujulisha kwamba kumekucha na yupo, na alipokuja kunitembelea aliniletea nguo za kuogelea alizonunua kwa kukisia, ama zinanibana ama zinanipwaya, akakaa kwenye kiti cha wageni, nami nikimwita mke wa mjomba Mama, na yeye nikimwita Mama wa Bwawani, naye akaitika.

Juni 1994 uvimbe ulikuwa umekua, na alikuwepo daktari aliyejifunza kuukata uvimbe tu na kuiacha figo, akibana mshipa kwa muda mfupi, akiipoza figo kwa barafu, kisha kuishona.

"Nikishindwa, utaishi kwa mashine," alimwambia.

"Na nikikataa?"

"Utaendelea kuishi hivi unavyoishi."

Alikwenda bila kumwambia mtu ila fundi redio, na alipozinduka muuguzi aliuinua juu mfuko wa mkojo uliojaa, maana figo ilikuwa inafanya kazi, kama kombe la ushindi.

Septemba alikuja kunichukua, chumba kimepakwa rangi, kitanda kipya, na jioni ya kwanza mezani nilimuuliza, "Nitarudi lini nyumbani?" naye akaifuta meza iliyokuwa safi, akasema, "Kesho, ukitaka," nami nilitaka, akanisindikiza hadi stesheni, akanitafutia kiti cha dirishani.

Wiki hiyo aliingia tena majini, akafundisha hadi alipostaafu mwaka 2012, hakuolewa tena, na fundi redio alipofariki walihamia chini wapangaji wasiojua habari za ufagio.

Mwaka 2019 figo yake ilianza kuchoka, akawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, nikahamia kwake na sanduku langu, tukaishi kwa adabu kama wapangaji wawili, kila mmoja akiomba radhi kwa kuchelewa bafuni, hadi nilipomwambia kwamba nimepima na figo yangu inamfaa, akasema, "Nilikuzaa na mbili, kaa nazo," tukagombana kwa sauti hadi majirani wakasikia, na siku hiyo kwa mara ya kwanza tulikula vizuri.

Hakukubali, na tarehe 17 Oktoba 2023, alipoulizwa na muuguzi mgeni mimi ni nani, alijibu, "Ni mwanangu, amekuja kukaa," akafumba macho, na kabla ya adhuhuri akafariki.

Familia inawashukuru madaktari waliompasua na wauguzi wa kitengo cha mashine, wafanyakazi wa bwawa mliofunga milango leo ili mfike, majirani wa ngazi yetu, na mjomba na mkewe, walionilea bila kumsema vibaya hata siku moja.

Mama, umekaa peke yako vya kutosha, sasa pumzika, na amani ikae nawe.