Baridi Inaingia Brekkdalen

Mheshimiwa Meya, Ndugu Mkurugenzi wa Makumbusho, ndugu wageni waalikwa, na wewe Asbjørn uliyejificha nyuma ya birika la kahawa: nawasalimu nyote.

Nimepewa heshima ya kumuaga Eilif Haugdal, anayestaafu leo, mtaalamu wetu wa kuvumwani, viumbe vile vinavyong'ang'ania magome ya misonobari na ambavyo wengi wetu hudhani ni uchafu. Ningependa kumsifu kwa utulivu. Leo sina utulivu, jamani.

Ni nani kati yetu hajamwona Eilif akilowesha gome kwa kidole, akaweka lenzi jichoni, kisha akatazama mpaka kahawa ikapoa? Kwake jina halitoki mdomoni kabla hajakiona kiumbe kikiishi kwenye mti wake. Majuzi nilimpelekea kijitawi nilichookota msituni kwangu Brekkdalen, kina kuvumwani ya kijivu, kingo zimejikunja kama jani la kabichi lililonyauka.

"Inafanana na ile adimu," akasema.

"Basi sema ndiyo yenyewe!"

"Gudrun, tawi lililoanguka huletwa na upepo. Nionyeshe shina."

Haraka haraka haina baraka, najua. Lakini miti ile nimeshaiuza, na mkataba unasimamisha msumeno iwapo tu mtaalamu atathibitisha kwamba kiumbe adimu kinaishi pale. Mashine za kukata miti husubiri ardhi igande zisije zikazama matopeni, ndiyo maana vuli yote hii nimeishukuru mvua mliyoilaani. Usiku huu, redio inasema, baridi inashika. Nimemuuliza Asbjørn, mwenye mashine, hapo mlangoni, mkamsikia: "Mama, ardhi ikikaza, kesho asubuhi naingia. Mimi nina watoto wa kulisha, kuvumwani haina." Mlicheka. Mimi nilishindwa.

Eilif, hujapata kutudanganya, na sifa hiyo ndiyo inayonitia hofu. Je, ukisema siyo? Nitakubali, na miti itaanguka. Lakini ukistaafu bila kutazama, nani mwingine bondeni humu atajua tulichokipoteza? Kiumbe kile hutaka misonobari mizee, kivuli na unyevu. Ukishakata, hata ukipanda upya, wajukuu wetu hawatakiona.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Keki ya lozi isikatwe kwanza, maana jua la Novemba halina subira. Eilif, gari linanguruma nje, twende ukalione shina kabla ya giza. Na wewe Asbjørn, vaa koti. Nataka uwepo atakapolitaja jina.