Siku Ambayo Sikufungua Mlango wa Bwawa

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Na asalaam alaykum kwa jirani yangu Bi Somoe, aliyekaa pale mlangoni. Nimemwomba aje, ili nikikosea anisahihishe. Nimeandika kwenye daftari kwa sababu nikisimama mbele za watu nasahau, na nikisahau naongeza chumvi.

Mimi ni Mama Rehema, mzaliwa wa Milola. Nililima ufuta hadi mume wangu alipofariki, nikaja huku Kilwa kwa mdogo wangu, nikachimba bwawa la kufugia kamba, hawa wa baharini wa kuliwa, kandokando ya mkono wa bahari, pale mikoko inapoishia. Msimu wa kwanza niliweka vifaranga wachache, nikavuna vizuri. Nilitoa sadaka, nikashona gauni. Hapo ndipo kiburi kiliponiingia. Au labda haikuwa kiburi, ilikuwa hofu ya umaskini. Mpaka leo sijui kuvitofautisha.

Msimu wa pili nikajaza vifaranga mara nne katika maji yale yale. Hesabu yangu ya darasa la saba ilikuwa rahisi: kamba mara nne, faida mara nne. Kumbe kamba wakibanana hawaishi kwa maji tu. Wanataka chakula cha kununua, mara tano kwa siku. Wanataka mashine ya kuvuruga maji ili wapate hewa, na mashine inakunywa dizeli hata siku ambayo wewe hujanywa uji. Akiba yangu yote ya ufuta iliingia humo. Ndugu zangu, mimi ni mkulima wa ufuta! Ufuta ukiota umesongamana naupunguza kwa mkono wangu, nang'oa mche baada ya mche, sihurumii. Lakini kamba nikawashindilia kama pamba kwenye mto.

Sisemi ufugaji wa kubana ni dhambi. Wapo wanaouweza, wenye mashine ya akiba na bwawa la pembeni la kusafishia maji. Mimi sikuwa navyo, na mtaalamu aliyetufundisha alinionya. Nikaona ananionea wivu. Kosa ni langu, si lake.

Asubuhi moja nikavuta sinia la chakula kutoka majini. Chakula kiko kama nilivyokiweka. Kamba wamesogea ukingoni, wamelegea, magamba ya kichwani yana madoa meupe. Nikakaa kwenye tope. Ugonjwa ule haumdhuru mtu, ila unamaliza bwawa zima kwa siku chache. Njia niliyoijua ya kuokoa chochote ni kufungua mlango wa bwawa, maji yatoke, kamba wabaki kwenye wavu. Lakini maji yale yangeingia kwenye mkono ule ule wa bahari ambako Bi Somoe anavuta maji ya bwawa lake. Na kwa bwawa lile analea wajukuu.

Ndugu zangu, nilishika mbao za mlango. Nikaomba, na ombi langu la kwanza lilikuwa asitokee mtu wa kuniona. Maneno hayo nimeyaandika humu mara mbili na kuyafuta mara mbili. Kisha ikanijia, si sauti, ni aibu tu: huyu ndiye aliyekuazima koleo ulipofika huna kitu. Nikaziachia mbao. Nikaenda kwake.

"Shikamoo, Bi Somoe. Bwawa langu lina ugonjwa. Usivute maji leo."

Akanitazama. "Marahaba. Umefungua?"

"Sijafungua."

"Kumbe watu wa Milola mna akili, mnaificha tu." Akachukua kanga mbili. "Sasa unalia nini? Hujaona wanawake wanavyotanda?"

Nilikuwa nimeona. Kina mama wawili wawili wanashika kanga pembe zote nne, wanaiburuta kwenye maji mafupi, wananasa dagaa. Haikunijia kabisa kwamba bwawa la kitaalamu linaweza kutandwa. Bi Somoe akaita mtaa mzima. Haikufika adhuhuri, wanawake kumi na wawili wamo ndani ya bwawa langu, maji kiunoni.

"Mama Rehema, hawa kamba uliwaitia mkutano?" mmoja akauliza.

"Mkutano una viti, shoga," mwenzake akadakia. "Hii harusi ya watu wasioalikwa."

Nilicheka, na machozi yangu hayajakauka.

Kamba tuliwachemsha kwa chumvi pale pale, tukawaanika. Miguu na kanga tukaosha kwa dawa kabla mtu hajaenda kwake. Kila aliyetanda alichukua fungu lake, ndiyo desturi. Kamba waliobaki niliwauza wakavu kwa wachuuzi wa Rasbura, kule Lindi. Nisiwadanganye, haikurudisha gharama za chakula wala dizeli. Ilitosha kununua vifaranga wachache.

Maji hayakutoka mpaka mtaalamu alipoyatia dawa na kusema ni salama. Kamba wa Bi Somoe hawakufa hata mmoja. Anatikisa kichwa pale mlangoni, haya, walikufa wawili watatu, wa kawaida. Alipovuna nilikuwa bwawani kwake, nimeshika upande wa pili wa kanga, mimi naimba pambio, yeye anasema alhamdulillah.

Leo nafuga kamba wachache pamoja na samaki wa mwatiko. Mashine nimeiuza. Bahari inaleta maji, na chakula kidogo ndani yake. Faida si kubwa, lakini inakaa mkononi, na mwili wangu umerudi, gauni lile linanibana.

Ndugu zangu, sijui kama hii ni imani au ni kushindwa kuvumilia aibu. Pengine ninyi mngeziachia mbao mapema kuliko mimi. Ila kama yupo hapa aliyeshika mlango wake, anaomba asitokee mtu, namsihi amwamini Mungu, aachie, aende kwa jirani. Mimi nilijua naenda kulaaniwa. Nikarudi na wanawake kumi na wawili.