Mzee Ondoga na Cherehani Saba

Tarehe 31 Desemba 1977 Mzee Constantino Ondoga ataweka mkasi mezani, baada ya kulitumikia duka letu la ushonaji hapa Arua kwa miaka ishirini na sita na miezi kumi. Mafundi wameniomba niandike wasifu wake kwa kuwa mama yangu, Filda, hushona vifungo hapa, nami bado nasoma shule.

Mzee Ondoga alizaliwa Adumi. Alianza mwaka 1951 kwa kupiga pasi ya makaa. Miaka sita baadaye Bwana Velji, aliyekuwa mwenye duka, akamkabidhi mkasi mkubwa wa kukatia. Inasemekana akimtazama mtu anayevuka barabara huweza kutaja kipimo cha kiuno chake, na hukosea kwa waliovaa koti tu.

Lakini kazi yake kubwa kuliko zote ni ile ya mwisho wa mwaka 1972. Bwana Velji aliondoka Wahindi walipoamriwa kutoka Uganda, na duka likapewa Bwana Fadhul wa Koboko, sajini mstaafu aliyekuwa akiuza ngozi. Bwana Fadhul alipenda utaratibu. Asubuhi ya kwanza aliwasimamisha mafundi mstari mmoja, akazipanga cherehani saba kwa ukubwa, kisha akawaketisha mafundi kwa umri. Hakujua kwamba kila fundi alikuwa ameurekebisha mkanda na kanyagio kwa miaka, mpaka cherehani ikauzoea mguu wake.

Mafundi hawakubisha. Waliitikia ndiyo, afande, wakashona polepole na vibaya. Fundi Mogga, aliyekuja kutoka Sudani kama mkimbizi, ndiye mwenye ulimi mwepesi kuliko wote. Alipoulizwa kwa nini mshono umepinda, alijibu, "Afande, hii mashine hapana jua mimi bado. Iko na haya." Duka zima liliinamia kazi ili kuficha kicheko.

Mzee Ondoga naye alikuwa na lake. Ameniagiza mwenyewe nisilifiche. Alikuwa amezipeleka nyumbani karatasi zote za vielelezo vya kukatia nguo, akaapa kwamba mgeni hatazigusa.

Wiki ya pili Bwana Fadhul alitangaza kwamba sare za shule zisipokamilika kabla ya muhula kufunguliwa, ataacha ushonaji na kuligeuza duka kuwa ghala la ngozi. Wote wangepoteza kazi.

Kesho yake Mzee Ondoga alirudi na vielelezo. Kisha alimwomba Bwana Fadhul ajifunze kushona, na mwalimu wake awe Mogga. Wote wawili walikasirika. Mogga alisema ni afadhali afundishe mbuzi, kwa sababu mbuzi hana cheo. Hata hivyo Mzee hakuacha kuwaomba, na kwa siku tatu walikaa pamoja, kabla duka halijafunguliwa, kwenye cherehani iliyokuwa ya Mogga. Mwanafunzi akaweza kunyoosha mshono. Mwalimu naye akaona aibu kupindisha wake.

Siku ya nne Mzee Ondoga alimhamishia Bwana Fadhul kwenye cherehani nyingine bila kueleza sababu. Uzi ulikatika mara tisa. Bwana Fadhul aliitazama miguu yake juu ya kanyagio, kisha akauliza, "Hii ilikuwa ya nani?" Kabla ya adhuhuri kila fundi alikuwa amerudi kwenye cherehani yake. Sare zilikamilika siku mbili kabla ya shule kufunguliwa.

Nilimwuliza Mzee kwa nini hakumweleza tu mkubwa kosa lake. Alisema mtu akielezwa hujitetea. Yeye mwenyewe aliambiwa na mkewe mara nyingi azirudishe karatasi zile, na kila mara alikuwa na jibu.

Mwaka 1975 tulifungua tawi Koboko. Mzee alisafiri huko juu ya lori la magunia, ameipakata cherehani njia nzima kama mtoto mgonjwa.

Mwezi huu Bwana Fadhul amemshonea koti kwa mikono yake. Mkono wa kushoto umezidi urefu kidogo. Mogga alitaka kuupunguza, lakini Mzee amekataa koti hilo kuguswa, na ndilo atakalolivaa siku ya kuagwa.

Mzee Ondoga, asante kwa kututunzia kazi yetu. Nenda salama Adumi, mihogo yako istawi, na siku zako ziwe nyingi na tulivu.