Kichuguu Mara Elfu Mbili na Mia Tano

Mheshimiwa Bwana D.O. wa tarafa yetu, Sheikh wetu, Mwalimu Mkuu Bi. Faiza, Chifu pamoja na askari wako, wazee mliokalia viti vya mbele ingawa viliwekewa akina mama, ndugu wazazi, wasichana sita mnaosafiri, na wewe Kerrow muuza soda ambaye hukualikwa lakini umekuja: Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Itikieni kama watu! Nyama nimeiona jikoni, inachemka. Mbuzi huyo hawezi kukimbia tena.

Mimi ni Saado. Ni nyanya yake Fowsiya wa kidato cha tatu, na ni mama yake Mohamedamin, yule pale aliyevaa miwani ya jua chini ya turubai. Shule nilipelekwa siku moja. Nikamwuliza mwalimu swali, nikarudishwa nyumbani. Lakini nyumba nimeihamisha kwa ngamia mara nyingi kuliko baadhi yenu mlivyobadilisha shati, kwa hiyo mambo ya safari nayajua. Nimeambiwa nitoe salamu za wazazi kwa dakika tano. Saa sina.

Mnajua kilichotuleta. Mwezi wa tano barua ilifika hapa shuleni. Shule moja ya wasichana iliyo chini ya Mlima Kenya inataka wasichana sita kutoka kila wilaya, wapande mlima pamoja mwezi huu wa Agosti, na kila kikundi kije na kiongozi mmoja na akina mama wawili wa kuwaangalia. Ndugu wageni waalikwa, wasichana wetu hawajawahi kualikwa mahali popote isipokuwa arusini, na huko hualikwa kupika. Baba zao wakakutana. Wakakunywa birika tatu za chai. Wakasema: hapana. Bi. Faiza akawafuata nyumba kwa nyumba mpaka wakaona aibu, wakasema: haya, waende, lakini wale wawili wa kuwaangalia wawe nyanya zao. Walitegemea nini? Walitegemea nyanya watasema magoti yanauma.

Yanauma. Lakini nani aliwaambia ninatembea kwa ajili ya raha?

Nyanya wa pili ni Qabale, Mborana kutoka Wajir, nyanya yake Nasteha. Simama Qabale wakuone. Keti. Mimi na huyu tumekaa mtaa mmoja miaka mitatu bila kusalimiana, kwa sababu ya mkeka ulioliwa na mbuzi. Sitasema mkeka ulikuwa wa nani. Mbuzi alikuwa wake.

Na kiongozi wetu ni Mwalimu Dekow wa jiografia, aliyechaguliwa kwa sababu katika walimu wote wa shule hii ni yeye peke yake aliyewahi kuupanda Mlima Kenya. Bwana D.O. amemsifu hapa sasa hivi, mkapiga makofi, mkamvika taji la maua ya plastiki. Makofi hayo yawekeni kwanza. Nitamfikia.

Sasa niulize: mtu wa Garissa atajifunzia wapi kupanda mlima? Nchi hii Mungu aliipiga pasi, hakuacha mkunjo hata mmoja. Ukitaka kuteremka hapa lazima kwanza uchimbe shimo. Mwalimu akazunguka siku mbili akitafuta kilima, akarudi na kichuguu. Kiko nyuma ya vyoo vya shule, wengi wenu mmekiegemea. Akakipima kwa kamba, akasema kina mita mbili. Akaandika ubaoni: mlima ni mita elfu tano, kichuguu ni mita mbili, kwa hiyo tukipanda kichuguu mara elfu mbili na mia tano, mlima tumeumaliza.

Niambieni ninyi mliosoma, hesabu hiyo ina kosa wapi? Mimi sikuliona. Tukaanza.

Kila jioni baada ya alasiri tulipanga mstari: mwalimu na filimbi mbele, wasichana sita na mizigo mgongoni, Qabale, kisha mimi. Juu kuna nafasi ya mtu mmoja. Unapanda, unaangalia pande nne kama mwenye shamba, unashuka, mwingine anapanda. Mchwa walihama wiki ya kwanza, wana akili. Watu wa mtaa walikuja kututazama, wengine wakaleta viti. Katika mwezi wa pili wa mazoezi, tulipofika mara elfu moja na mia tisa, mwalimu akapima tena akakuta kichuguu kimelika kwa miguu yetu, kimebaki mita moja na nusu. Akasema hesabu iongezwe. Rukiyo binti wa mwenye duka alilia siku hiyo. Nikamwambia, usilie, mwanangu, sisi ni watu wa kwanza duniani kuumaliza mlima kabla ya kuufikia.

Ni kwenye kichuguu hicho Qabale aliteleza akaniangukia, tukabingirika wote wawili mpaka ukutani mwa choo. Alikuwa amenilalia kifuani. Akasema, "Sogea." Hilo ndilo neno lake la kwanza kwangu kwa miaka mitatu. Nikamwambia, "Nisogee wapi, mama wa mbuzi? Wewe ndiye uliye juu!" Basi tukacheka, wallahi, mpaka wasichana wakadhani tumevunjika mbavu. Kesho yake aliniletea buni zilizokaangwa kwenye samli, nusu kikombe. Siku iliyofuata aliniletea kikombe kizima. Ya mkeka bado hajasema kitu, lakini buni zake ni nzuri.

Na baridi je? Mwalimu alisema huko juu maji huwa mawe. Mtu aliyezaliwa kwenye jua hili atajuaje? Tukaenda kwa Kerrow, mwenye friji kubwa ya kulala chini. Tukatoa soda upande mmoja, kila mtu akaingiza miguu kwa zamu huku akisoma dua. Siku moja ilikuwa zamu yangu, nimeketi kwenye kreti, kifuniko kimefungwa mpaka magotini. Akaja dereva mmoja wa lori, akainua kifuniko bila kuuliza, akapapasa apate soda iliyo baridi zaidi, akashika kidole changu cha mguu. Akavuta. Kerrow, usicheke! Yule mtu hajarudi dukani kwako mpaka leo.

Hema la mwalimu lilisimama nusu saa. Upepo wa adhuhuri ulilichukua ukaliweka juu ya mgunga, na tulipofika mbuzi walikuwa wamekula mlango. Basi mimi na Qabale tukafunga nyumba yetu ya kuhama, miti ya kupinda na mikeka, tukawafundisha wasichana kuisimamisha kabla maji ya chai hayajachemka. Hiyo iko tayari. Hiyo siitilii shaka.

Sasa nimfikie mwalimu.

Alhamisi iliyopita tulikuwa tumeketi kivulini, miguu imevimba, tunakunywa chai. Fowsiya akauliza, "Mwalimu, huko juu kabisa kuna nini?" Akasema kuna mahali pa kupumzikia. Kuna benchi. Nikauliza, benchi tu? Akasema, "Hata chai ipo, nyanya. Kuna kibanda." Moyo wangu ukafurahi. Qabale hakufurahi. Aliweka kikombe chini, akamwuliza taratibu, "Chai ya rangi au ya maziwa?"

"Ya maziwa."

"Maziwa ya mnyama gani?"

Mwalimu akatazama juu, akatazama chini, akamwona ngamia wa mtu anapita barabarani. Akasema, "Ya ngamia."

Bwana D.O., wewe kwenu ni huko milimani. Umewahi kumwona ngamia juu ya barafu? Cheka, usione haya, hata mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikakumbuka kwamba wasichana sita wanamfuata mtu huyu.

Tukawatuma wasichana maji. Qabale akamkalisha. "Mwalimu, mlima huo umeupanda?"

"Niliuona, nyanya."

"Ukiwa wapi?"

"Ndani ya basi. Nilikaa dirishani."

"Unafananaje?"

Akafungua kamba za viatu vyake, akazifunga tena. Kisha akasema, "Siku hiyo kulikuwa na mawingu."

Nyamazeni! Mwalimu Dekow, usishuke jukwaani. Taji liache shingoni. Ninyi akina baba, ketini, sijamaliza.

Watoto wa mjini hamjui, nitawaambia. Sisi wafugaji hatuhamishi nyumba kwa hadithi. Kwanza tunamtuma mtu, tunamwita sahan. Anakwenda peke yake, siku tatu, siku kumi, anaona malisho kwa macho yake, anaonja maji kwa ulimi wake, anarudi na majani mkononi. Kwa neno lake watu wanabomoa nyumba, wanapakia watoto, wanaondoka. Sahan akileta habari mbaya ya kweli, anapewa maziwa kwanza kabla ya wazee. Akileta habari nzuri ya uongo, watu wanafika kwenye kisima kikavu na wagonjwa mgongoni mwa ngamia, na hakuna nguvu ya kurudi. Nilikuwa msichana wa umri wa Fowsiya tulipofikishwa kwenye kisima kama hicho. Tulifika tisa. Sitasema tuliondoka wangapi.

Kwa hiyo msifikiri nilikuwa na siku tano rahisi. Mwalimu aliniomba, "Nyanya, ukisema, baba zao watawarudisha nyumbani, na barua nyingine haitakuja." Na anasema kweli! Nawajua. Nikinyamaza, ninawapeleka watoto hawa mlimani nyuma ya mtu asiyejua njia. Nikisema, mnawafungia ndani mpaka waolewe, na miaka ishirini ijayo msichana akiomba kwenda mahali mtamwambia, unakumbuka ya Mlima Kenya?

Nimesema. Na sasa sikilizeni upande wa pili, maana mwizi wa ng'ombe hupewa nafasi ya kujitetea sembuse mwalimu.

Barua ilipofika, Bi. Faiza aliwakusanya walimu akauliza, nani amewahi kupanda mlima? Mikono yote mapajani. Bila kiongozi barua ingerudishwa. Na wasichana sita walikuwa wamesimama nje ya dirisha, wanasikiliza. Katika walimu kumi na wanne mkono mmoja uliinuka. Ulikuwa mkono wa uongo, naam, na Mungu ameuona. Lakini ile mingine kumi na mitatu, iliyosema kweli kwa kubaki mapajani, mmoja wake ulisema, "Sijui mlima, lakini nitakwenda kujifunza kwa ajili yao"? Walimu, msitazame viatu. Nimeuliza tu.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii, na Sheikh atanisahihisha nikikosea. Leo ni tarehe nane. Barua inasema wasichana wakutane chini ya mlima tarehe ishirini na mbili. Lori la Huka, yule mfanyabiashara wa mifugo, linaondoka kesho asubuhi na mbuzi kuelekea huko milimani. Wasichana hawapandi lori hilo. Mwalimu Dekow anapanda. Atakwenda awatafute watu waliozaliwa chini ya mlima huo, wanaojua njia zake, awafuate juu kwa miguu yake, aone maji yako wapi na baridi inaanzia wapi, na arudi hapa tarehe kumi na nane asimame mahali hapa aseme alichokiona. Akisema hakufai, hatuendi, na tutampa maziwa. Akisema kunafaa, wasichana wanakwenda, na hakuna baba atakayefungua mdomo.

Umesema nini, Mohamedamin? Sauti! Eti safari imekwisha? Vua miwani nikuone. Mwanangu, mimi nilikubeba mgongoni kutoka Takaba hadi Wajir kwa neno la sahan, na sahan yule alikuwa mjomba aliyewahi kukosea njia ya msikitini. Tulimtuma mara ya pili, akaona vizuri, ndiyo maana umenenepa. Fowsiya amepanda kichuguu mara elfu mbili na mia tano na nyongeza. Wewe umepanda nini? Haya, sema mbele ya watu: akirudi na habari njema, binti yako anakwenda au haendi?

Sijasikia.

"Anakwenda, hooyo." Na mama ameniita; mmesikia wote. Bwana D.O., andika.

Lakini mtu aliyedanganya hatumwi peke yake. Lazima awe na macho mengine pembeni yake, na hapa nilitaka kusema ni macho yangu. Nilishafunga hata mzigo. Ila usiku na mchana nimejipima, na kweli ni kweli: mwalimu aliposema chai ya ngamia, mimi nilikuwa nimeshaanza kuitamani. Aliyeuliza ni mnyama gani si mimi. Ni Qabale. Anayekwenda kesho ni Qabale, mimi nabaki na wasichana kwenye kichuguu.

Qabale, dada yangu, njoo. Chukua koti hili. Ni la sufu, nililipata sokoni kwa kugombana, hakuna lingine kama hili Garissa nzima. Mikono yake mirefu, ikunje. Lina vifungo vinne. Nataka nivione vyote vinne tarehe kumi na nane, na wewe ukiwa ndani.

Mheshimiwa, Sheikh, wageni wetu, mlikuja kuwaaga watu tisa, sasa waageni wawili. Makofi ya mwalimu mliyoyaweka, endeleeni kuyaweka mpaka arudi. Mmenivumilia juani bila kuondoka, ingawa najua ni kwa sababu ya nyama. Mungu awalipe kwa masikio yenu. Nimemaliza. Wanawake wapakuliwe kwanza.