Madame Clotilde na Jina la Saba

Baba Padri, wazee wa familia, majirani wetu wa Katuba, walimu na wanafunzi wa Lise Mama wa Heri, na ninyi wote mliokaa nasi hapa kilioni siku hizi tatu, mimi naitwa Séverin Mukendi, mdogo wa marehemu, kazi yangu ni kujaza karatasi za forodha pale mpakani Kasumbalesa, na familia imenichagua nisome historia hii kwa sababu, wanasema, mimi ni mtu asiyeandika kitu ambacho hajakiona. Walikuwa wananitania, lakini nimelichukua neno lao kama lilivyo, na ndiyo maana karatasi hii ina mambo ambayo baadhi yenu mngependa niyaruke. Sitayaruka, maana yeye mwenyewe aliniomba nisiyaruke.

Yaya Clotilde Ngalula Tshimanga, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, alizaliwa hapa hapa Lubumbashi, wakati huo mji ungali ukiitwa Élisabethville, tarehe 14 Machi 1958, akiwa mtoto wa kwanza wa baba yetu Tshimanga, karani wa reli aliyetoka Kasai akiwa kijana na hakurudi tena, na mama yetu Kapinga, aliyetuzaa sita, ambao leo tumebaki wawili. Alianza shule ya msingi kwa masista mwezi wa Septemba 1964, akaingia sekondari mwaka wa 1970, na mwezi wa Agosti 1976 akapata diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari kwa asilimia sabini na mbili, siku ambayo mama alimmwagia kichwani kopo zima la poda, kama tunavyowafanyia watoto wetu wanaopita mtihani, akamtembeza barabarani mweupe hadi kwenye kope, na mimi, nikiwa na miaka tisa, nikaona wivu mpaka nikalia.

Aliendelea na masomo ya ualimu, akamaliza Julai 1979, akatumwa Sakania kufundisha Kifaransa miaka mitatu, na tarehe 6 Septemba 1982 akaingia Lise Mama wa Heri, shule ya wasichana katika komine ya Kampemba, ambako alifundisha miaka arobaini na mitatu bila kuhama hata darasa. Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na shemeji yetu Alexis Kabeya, fundi wa umeme, mtu mpole aliyejua kumsikiliza mke wake, jambo ambalo halikuwa dogo, na Mungu akawapa watoto wawili, Benita, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1986, na David, aliyezaliwa tarehe 21 Januari 1989. Mwaka wa 1993, jamaa zetu wengi walipofukuzwa hapa wakapanda treni kurudi Kasai ambako wengine hawakuwa wamewahi kufika, yeye alibaki, akasema hawezi kuacha mwaka wa masomo katikati. Shemeji Alexis alitutoka tarehe 9 Novemba 2009.

Wanafunzi wake wanajua kwamba furaha yake kubwa ilikuwa siku ya kutangaza matokeo, tarehe 2 Julai, wazazi wakiwa wamekaa uani chini ya mahema, yeye akiwa mbele ya meza na bulletin za darasa lake mkononi, karatasi moja ya alama kwa kila mtoto, akisoma kwa sauti ile iliyofika mpaka barabarani, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kila anayeitwa anajibu, anavuka ua, ndugu zake wanatandika vitenge chini ili apite juu yavyo, poda inaruka, kina mama wanapiga vigelegele. Hapa kwetu anayeanguka haitwi. Hiyo ndiyo desturi, tunasema ni heshima, ili mtoto asiaibishwe mbele za watu, na hakuna anayefikiria yule ambaye anasimama pale akisikiliza majina yanavyokwisha.

Jumatano tarehe 2 Julai 2003 alikuwa msimamizi wa darasa la tano la sekondari, na katika darasa hilo alikuwamo msichana mmoja, Chilufya Graciella, umri miaka kumi na saba, mtoto wa pekee wa Mama Chomba, ambaye alikuwa akifanya biashara ndogo ya samaki wakavu kati ya Sakania na hapa, na ambaye leo yuko pamoja nasi, amekaa pale mbele na kina mama. Graciella alikuwa wa saba, kwa asilimia sitini na nane. Lakini siku hiyo poda ilikuwa nyingi, joto pia, vidole vya yaya vilikuwa na jasho na poda pamoja, na bulletin ya wa saba ikagandana nyuma ya bulletin ya wa sita, msichana aitwaye Daniella, ambaye alikwenda nyumbani akicheza na karatasi mbili mkononi bila kujua. Yaya akaendelea kusoma, na aliyekuwa wa nane akamwita wa saba.

Baada ya sherehe, viti vikiwa vinapangwa, Graciella alikuja mpaka mezani, sare yake safi kabisa bila punje ya poda, akauliza, "Madame, na miye?" Yaya alikuwa amechoka, miguu ilikuwa imevimba, hakufungua daftari kuhakikisha, akamjibu neno ambalo aliniambia alilisikia kila asubuhi ya maisha yake tangu siku hiyo: "Kama sikukuita, ni kusema haukupita." Msichana akasema asante, akatoka kwenye lango, na hakufika nyumbani.

Kesho yake saa moja asubuhi mama yake Daniella alirudisha ile bulletin, wamecheka nyumbani kwa kosa lile, na yaya akakimbia na karatasi mkononi mpaka kwa Mama Chomba, akamkuta amesimama mlangoni akidhani ni mtoto wake anayerudi. Tulimtafuta. Mimi mwenyewe nilipita katika foleni ya malori Kasumbalesa, lori kwa lori, kwa siku tisa, nikiwauliza madereva na wabadilisha pesa, wengine wakaenda Likasi, wengine Sakania, na mtu mmoja tu, fundi wa reli, alisema ameona msichana mwenye sare akitembea juu ya mataluma ya reli, peke yake, polepole, kama mtu anayehesabu. Mpaka leo hatujapata mwili, wala habari. Majuto ni mjukuu, wazee walisema, lakini mjukuu huyu alihamia nyumbani kwa yaya na hakuondoka tena.

Sasa nafika pale ambapo mlitaka niruke. Tarehe 2 Julai 2004 yaya alisoma matokeo ya darasa jipya, na alipomaliza wa sita akainua ile bulletin ya zamani, akasoma, "Wa saba, Chilufya Graciella, asilimia sitini na nane," akiwa ameamua tu kulipa heshima ambayo hakuilipa. Na kutoka nje ya lango, mahali ambapo hapakuwa na mtu, sauti ya msichana ikajibu, "Niko hapa, Madame." Watu mia tatu walisikia. Kina mama waliacha vigelegele, wanafunzi wakageuka, mlinzi wa lango, Kasonde, akatoka nje akatazama pande mbili za barabara, akarudi akatikisa kichwa. Mama Chomba, ambaye alikuwa amekuja na kitenge na kopo la poda bila kuitwa na mtu, aliinuka, akasubiri, akaketi.

Ilikuwa hivyo kila mwaka. Nilidhani ni wanafunzi wanaochezea huzuni ya watu, na mwaka wa 2011 nilikwenda mwenyewe, nikasimama chini ya mlingoti wa bendera, peke yangu, ukuta nyuma yangu, na jina liliposomwa sauti ilijibu kando ya sikio langu la kushoto, sauti ya kawaida kabisa, ya mtoto mwenye adabu, na pumzi yake ilikuwa baridi. Mnaonijua mnajua kwamba sipendi hadithi za namna hii. Niliogopa, nasema wazi, nilirudi Kasumbalesa jioni hiyo hiyo na sikurudi tena shuleni kwa miaka minane.

Jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulisema lilisemwa na Kasonde mwaka wa 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya ugonjwa, yaya alipokwenda tarehe 2 Julai kusoma jina moja tu mbele ya ua mtupu. Sauti ilijibu kutoka kwenye viti vya wazazi, ambavyo havikuwapo. Kasonde alivua kofia yake, akamwambia, "Madame, huyu mutoto anakaribia." Na ilikuwa kweli, maana mwaka wa kwanza alikuwa nje ya lango, baadaye karibu na bomba la maji, baadaye kwenye mlingoti, kila mwaka hatua moja au mbili, na ndipo nilipoelewa kwa nini dada yangu, mwenye miaka sitini na miwili, miguu mibovu, alikataa kuacha kazi. Alikuwa anamngoja afike mezani.

Mama Chomba naye alikuja kila mwaka, akaketi mstari wa mbele, kitenge kimekunjwa mapajani, na katika miaka yote hiyo hakumsalimu dada yangu hata mara moja. Yaya alimsalimu kila mara. Hakujibiwa, na hakulalamika.

Tarehe 2 Julai 2024 sauti ilijibu mbele kabisa ya meza. Yaya alinyoosha mkono na ile bulletin, na waliokaa mbele waliona ncha ya karatasi ikikunjika, kama inavyokunjika inaposhikwa na vidole. Lakini yaya hakuiachia. Alianza kuongea, kuomba msamaha, maneno ya miaka ishirini na moja, na karatasi ikabaki imevutwa hivyo kwa muda, kisha ikalegea, mbele ya meza pakawa patupu. Aliniambia mwenyewe, akilia kama sijawahi kumwona analia, hata siku ya kumzika mume wake, "Nilitaka anisamehe kwanza, Séverin. Nikamunyima karatasi yake mara ya pili."

Tangu siku hiyo mkono wake wa kulia ulikuwa baridi, hata kwenye jua la Oktoba. Mwezi wa Desemba figo zilianza kudhoofika, akalazwa mara ya kwanza tarehe 11 Januari 2025, mara ya pili mwezi wa Aprili, na tarehe 19 Juni alilazwa asitoke tena, akiwa na bulletin chini ya mto, akiuliza kila asubuhi ni tarehe ngapi. Alimwomba mwalimu aliyeshika nafasi yake, Madame Shalom, asome jina la saba kama kawaida, lakini uongozi ulikuwa umekataza, ukisema ni wakati wa kuwaacha watoto wafurahi, na mimi siwalaumu.

Jumatano iliyopita, tarehe 2 Julai, saa tano na dakika kumi asubuhi, wakati shuleni matokeo yalikuwa yanasomwa bila jina lile, na hakuna sauti yoyote iliyosikika huko, muuguzi Christiane, ambaye yupo hapa na ameniruhusu kumtaja, alikuwa koridoni, akasikia mgonjwa ambaye kwa siku nne hakuweza hata kuomba maji anasoma majina kwa sauti ya kujaza ua, wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita, wote wa mwaka wa 2003, kisha wa saba. Akasikia msichana akijibu, "Niko hapa, Madame," akadhani ni mgeni, akakasirika maana haikuwa saa ya kutembelea wagonjwa. Alipofika mlangoni alimsikia yaya akisema neno moja tu, bila kuomba chochote: "Chukua, mutoto." Chumbani hapakuwa na mtu mwingine. Mkono wa kulia ulikuwa umenyooshwa nje ya kitanda, wazi, na ulikuwa na joto. Bulletin tuliitafuta, mimi na Benita na David, tuligeuza hata godoro, hatukuiona. Saa tano na dakika ishirini alikata roho. Alikuwa na miaka sitini na saba, ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na wasichana wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu, ambao leo ni madaktari, mahakimu, kina mama wa nyumba, na walimu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Katuba mliotuletea kuni, unga na viti, walimu wenzake, wanafunzi wa zamani mliosafiri toka mbali, na Kasonde, aliyebeba jeneza leo pamoja na watoto wa nyumba.

Limebaki jambo moja, nalo halimo katika historia niliyoandika, kwa sababu mimi siandiki mzigo ambao bado sijauona. Leo asubuhi Mama Chomba alikuja mpaka kwangu, akanisalimu, akaweka mkono wake juu ya jeneza la dada yangu, kwa muda mrefu, akaniambia, "Mumuite tena mara moja. Akinyamaza, ni pale nitajua kama alifika." Nilimwomba Baba Padri ruhusa, amenipa. Naomba watoto wakae kimya, na simu zizimwe.

Wa saba, Chilufya Graciella, asilimia sitini na nane.

Nimengoja. Mmengoja pamoja nami, mmesikia upepo kwenye hema na mtoto mmoja akikohoa, na si kitu kingine. Hakuna aliyejibu. Mama Chomba analia, mwacheni alie, ameungoja ukimya huu miaka ishirini na miwili.

Yaya Clotilde, mtoto amefika. Nawe pumzika sasa, pumzika kwa amani.